Jiwe Lenye Kifua

Kiuyu Maziwang'ombe, ardhi ni mawe tangu juu,
muhogo hupandwa kwenye mifuko ya mwamba,
na sisi tumekuja kuuliza ya chini.

Keekee imeshuka mita mia tisa na ushei.
Inarudi na miche ya mawe, mirefu, ya mviringo,
kama sabuni ya kufulia kabla haijakatwa.
Naipanga sandukuni, naiandika kwa wino mzito:
juu, chini, tarehe, kina.
Ukigeuza mche mmoja tu, umegeuza miaka milioni.

Kuna mchanga ulioshikana, una vitundu
visivyoonekana ila kwa hadubini:
humo ndimo itakamolala hewa.
Juu yake tabaka la udongo mgumu, kijivu,
umefumba kama chaza.
Huo ndio mfuniko. Huo ndio tunaoujaribu.

Hewa ukaa.
Jina lina kukaa, mwenyewe hakai:
katoka kwenye jenereta, kwenye tanuri la chokaa,
kwenye meli zinazopita na taa zao bila kutusalimu,
akapanda, akaleta joto lisilo msimu.
Sasa wanataka arudishwe chini, afungiwe.

Kwetu mtu asiyevujisha neno tunasema ana kifua.
Mimi, Time binti Shaame, diploma ya maabara,
nimeajiriwa kupima kama jiwe linacho.

Bi Mkasi anapiga kokoto ng'ambo ya uzio.
Nyundo yake haijasimama tangu tufike.
Siku ya pili akaniita kwa kidole:
"Mwanangu, hiyo hewa yenu ndiyo ile ya kwenye soda?"
Ndiyo, bibi.
"Basi kisima changu kikianza kutoa povu, nimwite nani?"
Nikacheka. Yeye hakucheka.

Nikadondosha tone la asidi juu ya kokoto lake:
likachemka, fyuu, povu jeupe.
Nikamwambia hewa ni ileile, jiwe liliimeza
kabla hajazaliwa wa kuitwa Mpemba.
Akalitazama. "Kumbe linaweza kutunza."
Kisha: "Na kumbe tone moja latosha kulitapisha."

Tukapeleka hewa kidogo chini, tukafunga vali.
Saa sabini na mbili za kungoja.
Geji moja, sindano moja, mimi na chupa ya chai ya tangawizi.
Usiku wa kwanza, kimya.
Wa pili, kimya.
Wa tatu, kabla ya adhana ya alfajiri,
sindano ikashuka mistari miwili.
Miwili tu. Upana wa unywele.

Injinia Lwitiko aliamka akisugua macho:
"Baridi ya usiku. Bomba limesinyaa. Andika sawa."
Inawezekana. Mabomba husinyaa.
Lakini nilikwishapima joto la bomba, mara nne,
na joto halikuteremka.

Sikubishana. Niliandika mistari miwili,
nikaweka saa, nikaweka jina langu lote.
Jiwe nalo lina haki ya kunukuliwa kama lilivyosema.

Wiki iliyofuata shimo lilijazwa saruji,
masanduku yakapakiwa lori la kwenda Wete.
"Limewashinda?" Bi Mkasi akauliza.
Limevuja, bibi. Kidogo.
"Mbele yenu?"
Mbele yangu.
Akaokota jiwe jingine, akaligonga kwanza kwa kucha,
akasikiliza, kama afanyavyo kwa kila jiwe.
"Afadhali hilo. Mimi naliogopa lile
litakalonyamaza mpaka niwe sipo."
Nyundo ikashuka.

Kucha zangu bado zina kijivu cha mita mia tisa.
Nimezisugua kwa sabuni, mche mzima.
Hakijatoka.